Rudi Laini Saba Mchana

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka kidogo. Usinune. Si wewe wa kwanza kuhama Laini Saba usiku ukaenda kujificha Kawangware, eti watu wa huku wasikuone ukiuza mayai pasua pale stegi ya 46 ilhali una digrii.

Najua kinachokuuma. Ulipoitwa chuo tulifanya harambee. Mama mboga akatoa mia, fundi viatu hamsini. Sasa kila ukiwakumbuka unahisi wanakudai. Haya, ni nani amekuja kudai? Mama mboga juzi kaniuliza tu kama unakula vizuri.

Mimi nami nilizunguka mjini na bahasha ya kaki hadi soli ikatoboka. Cheti nilikifunga kwa nailoni nikakiweka ndani ya Biblia ya mama yangu, maana mabati yetu yalivuja, na mwaka mzima sikukitazama. Nilikichukia kama mtu aliyenidanganya. Kumbe chuo hakikuniahidi kazi. Mimi ndiye niliyeiahidi ploti nzima. Na kazi ilipokuja, iliniita kwa simu ya msichana tuliyelala naye chumba kimoja hosteli. Wewe umebadilisha hata namba! Mficha uchi hazai, mdogo wangu.

Anayekudai kweli ni HELB, bodi iliyokukopesha pesa za chuo. Usijifanye hukuona ujumbe wao. Mkopo huanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na ukinyamaza faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Hayo ni mayai mangapi? Waandikie, uwaeleze hali ilivyo. Mwenye kujieleza husikizwa, anayejificha huandikiwa faini.

Tena kuna jambo hulijui, na hapa nitakukaripia. Ndugu yako alipata C kidato cha nne, haikufika ile C+ ya chuo kikuu. Nikamwambia aende PC Kinyanjui, hapo tu Riruta, asomee umeme. Akakataa. Anasema, kama masomo yamemfanya kaka atoroke nyumbani, yeye ayatakie nini? Nilikosa la kumjibu. Mwenye jibu ni wewe, na la simu halitamtosha.

Basi Jumapili panda gari uje, saa sita, jua likiwa utosini. Usilete kitu. Ile picha yako ya joho mama yako ameihamisha. Ametoa kalenda karibu na mlango, akaitundika hapo.