Safari ya Mji Mkongwe: Tujifunze Kuuliza



Mwaka jana sisi watu 22 wa parishi yetu tulichanga fedha kidogo kidogo, tukasafiri pamoja kwenda Unguja. Tulipanda basi hapa Babati alfajiri, tukapita Kondoa na Dodoma, tukalala Dar es Salaam, na kesho yake tukavuka kwa boti. Wengi wetu tulikuwa hatujapata kuiona bahari. Tangu turudi, watu huniuliza, "Mwalimu, mliona nini huko?" Katika somo hili nataka kujibu swali lililo gumu zaidi: tulijifunza nini?

Mahali tulipokwenda

Mji Mkongwe ni mji wa nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, wenye vichochoro vyembamba na milango ya kuchongwa. Mwaka 2000 Unesco iliuweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sisi Waanglikana hupenda kwenda hasa Mkunazini, lilipo Kanisa Kuu la Kristo, maana kanisa hilo limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa.

Tukumbuke tarehe. Juni 5, 1873, Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza. Masoko ya watumwa yakafungwa, na kuwasafirisha watumwa baharini kukakatazwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, ambaye pia alitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili akisaidiwa na wenzake. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Swali lililonishinda

Karibu na kanisa kuna jengo ambalo chini yake mna vyumba vya giza, vyenye dari fupi. Kiongozi tuliyempata mjini alitueleza kwamba watumwa walifungiwa humo wakingojea mnada. Baadhi yetu walitokwa na machozi. Mimi niliitikia kwa kichwa, kwani habari hiyo niliisimulia darasani kwa zaidi ya miaka 20.

Ndipo mama mmoja wa kundi letu, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, akanisogelea na kuninong'oneza: "Samahani Mwalimu, wewe ulitufundisha kuanza na tarehe. Soko lilifungwa mwaka 1873. Je, jengo hili lilijengwa lini?"

Sikuwa na jibu.

Niliporudi nilitafuta vitabu na kuuliza. Wanahistoria wameeleza kwamba jengo lile lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali, baada ya soko kufungwa. Basi vyumba vile, jinsi tunavyoviona leo, haviwezi kuwa gereza la soko lile. Kwa miaka yote hiyo nilifundisha jambo ambalo sikulihakikisha.

Je, ubaya wa utumwa umepungua?

La, hata kidogo. Soko lilikuwapo, na watu waliuzwa pale. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakatembea kwa miguu mpaka Kilwa, na wengine wakafa njiani. Waliofika walitumikishwa katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, au wakauzwa ng'ambo. Wala mambo hayakwisha mwaka 1873. Sheria ya kuutambua utumwa iliondolewa Unguja mwaka 1897, na huku Tanganyika utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1922. Ukweli huu watosha kumliza mtu. Tukiuongezea chumvi twaudhoofisha, maana msikilizaji akigundua kosa moja ataanza kuyatilia shaka yote.

Tena kuna hatari nyingine. Mara nyingi habari hii husimuliwa kwa ufupi hivi: "Waarabu walituuza." Ni kweli wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliongoza misafara. Lakini kulikuwa na watawala wa bara waliouza mateka wao. Kulikuwa na matajiri wa Kihindi waliokopesha fedha. Kulikuwa na Wafaransa walionunua watu kwa ajili ya visiwa vyao vya miwa, na Wazungu na Wamarekani walionunua pembe za ndovu na karafuu.

Mimi nilisimulia kwa ufupi huo. Nakumbuka siku moja, baada ya somo hilo, mtoto wa mwenye duka mmoja, mwenye asili ya Kiarabu, alikaa peke yake wakati wa mapumziko. Wenzake walimkataa mchezoni. Niliona, wala sikusema neno. Amri ya tisa hutukataza kumshuhudia jirani uongo. Siku hizi najua kwamba habari iliyosemwa nusu yaweza kufanya kazi ileile ya uongo.

Kanisa lile lenyewe hutufundisha jambo hili. Sehemu ya kiwanja chake ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Na inasimuliwa kwamba saa ya mnara ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash, aliyekuwa Mwislamu.

Maswali matatu ya msafiri

Kila mfikapo mahali pa kale, ulizeni haya:

1. Jengo hili lilijengwa lini?

2. Nani aliligharimia, na ni mikono ya nani iliyofanya kazi?

3. Je, jambo hili naliona mwenyewe, au nimeambiwa?

Chukueni mfano wa swali la tatu. Ndani ya kanisa kuna nguzo fupi zilizosimamishwa juu chini. Hizo tuliziona kwa macho. Husemwa kwamba mafundi walikosea wakati Askofu Steere hayupo. Hilo tuliambiwa. Yote mawili yafaa kuandikwa katika daftari, lakini yasiandikwe mstari mmoja.

Kuuliza si ukosefu wa adabu. Yule mama aliniuliza kwa heshima, tena faraghani, naye alinisaidia kuliko vitabu vingi. Wazee wenzangu, tusione haya kusahihishwa na tuliowafundisha. Nami, kwa wote niliowafundisha ambao watasoma ukurasa huu, naomba radhi, hasa kwa yule aliyekaa peke yake.

Asiye na nauli ya Unguja asikate tamaa. Michoro ya mapangoni ya Kolo, wilayani Kondoa, iko katika njia ileile tuliyopita, nayo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Wapelekeni watoto, na maswali yale matatu mkononi.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni habari gani ya ukoo wako au ya kijiji chako unayoisimulia bila kuihakikisha?

2. Je, yupo jirani anayeumizwa na jinsi tunavyoisimulia?

3. Mtoto akikuuliza "Umejuaje?", wewe humjibu nini?