SOMO: SAMAKI, MLINZI WA MTO

Katika toleo hili tunajifunza jinsi samaki anavyoweza kutuonya kuhusu majitaka ya viwandani yenye sumu.

Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali liliungua karibu na mji wa Basel, Uswisi. Maji ya kuzimia moto yalibeba viuatilifu hadi mto Rhine, na samaki wengi, hasa mikunga, wakafa. Lakini samaki hutoa dalili hata kabla ya kufa. Maji hupita kwenye matamvua yake kila anapopumua, hivyo sumu humfikia mapema. Huanza kupumua harakaharaka, "hukohoa" ili kusafisha matamvua, au huogelea ovyo na kupinduka.

Kufikia mwaka 2006, miji ya San Francisco na New York nchini Marekani ilikuwa ikitumia samaki aina ya bluegill kulinda maji ya kunywa. Samaki huwekwa katika matangi yanayopitisha maji hayo. Vifaa hunasa umeme hafifu unaotokana na kupumua kwao, na kompyuta hutoa tahadhari wanapobadilika. Ndipo sampuli hupelekwa maabara.

Tuwe waangalifu. Samaki husema kuna tatizo, hasemi ni tatizo gani. Wakija juu kutafuta hewa, huenda ni upungufu wa oksijeni tu. Tena zebaki hujikusanya mwilini mwao polepole bila dalili ya haraka. Samaki watulivu si uthibitisho kwamba maji ni salama.

Sharika zetu hazina vifaa hivyo, lakini zina wavuvi na akina mama wachotao maji. Mkiona samaki wakihangaika au wamekufa:

1. Msitumie maji hayo, wala msinyweshe mifugo. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi sumu za kemikali.
2. Msile wala kuuza samaki hao, hata kama nyumbani hakuna kitoweo.
3. Andikeni tarehe, saa na mahali.
4. Toeni taarifa siku hiyohiyo kwa serikali ya kijiji, ofisi ya maji ya bonde na NEMC. Mto hausubiri, ushahidi huondoka na maji.

Kwa wafadhili wetu: dalili ya samaki bila kipimo cha maabara huishia kuwa malalamiko. Kusaidia upimaji ni kuipa jamii ushahidi.

Swali la kujadili: Katika mtaa wenu, nani hufika mtoni wa kwanza asubuhi, na akiona samaki wanahangaika atamwambia nani?