Kufunga Adapta za Magurudumu kwa Salama

Mtu asimamaye Feri, upande wa Kisiwani, huyaona magari yakishuka kuingia kivuko cha Likoni. Maji yakikupwa mteremko huzidi, na mbele ya magari hayo pana umati wa watu waendao kwa miguu. Hapo si mahali pa gurudumu kulegea.

Magari yetu mengi huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na wenyewe hupenda kuyatia rimu za gari jingine. Toyota Probox, kwa mfano, ina stadi 4 zilizopangwa katika duara la milimita 100. Rimu ya duara la 114.3 haiingii. Ndipo hutakiwa adapta, yaani bamba nene la chuma au aluminiamu lifungwalo kwenye habu, lenye stadi zake lenyewe za kushikia gurudumu. Tundu lake la katikati lipimwe kabla ya kununuliwa: habu ya Probox ni milimita 54.1, na tundu likizidi, usukani utatetemeka.

Liweke gari mahali tambarare, uyazuie magurudumu mengine kwa mawe, kisha uliinue kwa jeki na kulitegemeza kwa stendi. Sasa iko kazi ambayo mafundi wengi huiruka, nayo ni kuisugua habu kwa brashi ya waya. Hewa ya chumvi ya pwani hula chuma upesi. Kutu iliyobanwa kati ya vyuma viwili husagika gari likienda, nati zikalegea zenyewe. Wala usipake mafuta kwenye stadi, kwani nati itateleza na kuivuta stadi kupita kiasi.

Adapta ikisha kukaa, zitazame ncha za stadi za asili. Zikichomoza kupita uso wa adapta, na rimu haina mashimo ya kuzipokea, gurudumu halitalala sawasawa. Adapta hiyo irudishwe dukani. Nati nazo zifuate tundu la rimu: zilizochongoka kwa tundu lililochongoka, za mviringo kwa la mviringo.

Kaza kwa kupishana, nati moja kisha iliyoikabili. Kwa Probox kipimo ni nyutoni-mita 103, kwa spana ya kupimia. Magari mengine yana kipimo chao katika kitabu cha gari.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, safari ya kwenda Ukunda na kurudi, ondoa magurudumu uzipime tena nati za adapta, maana zimefichwa nyuma ya rimu na jicho halizifikii.