Mashine ya kupima pumzi inapouliza rangi yako

Huenda umewahi kupelekwa kupimwa pumzi. Unabanwa pua kwa kibanio, unatiwa mrija mdomoni, unavuta hewa hadi kifua kijae, kisha unaamrishwa upulize kwa nguvu zako zote bila kukatiza. Mashine hiyo huitwa spirometa. Ndiyo tunayoitegemea kutambua pumu, mkamba sugu, na mapafu yaliyoingia makovu kwa sababu ya vumbi au kifua kikuu cha zamani. Ukimaliza hutolewa karatasi yenye tarakimu nyingi, na karibu kila mgonjwa hukimbilia moja tu: ile asilimia.

Lakini ni asilimia ya nini? Mashine hulinganisha pumzi yako na ile inayotarajiwa kwa mtu mzima wa afya mwenye umri, kimo na jinsia kama yako. Hadi hapo sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba kabla ya kuanza, mhudumu huulizwa jambo jingine, nalo ni rangi au asili ya mgonjwa. Kwa miaka mingi mashine hizi, ambazo aghalabu huundwa ng'ambo, zimekuwa zikipunguza kile kinachotarajiwa kwa mtu mweusi kwa asilimia 10 hadi 15, na kwa mtu wa asili ya Asia kwa asilimia 4 hadi 6.

Naeleza haya kwa sababu yalinipata. Alinijia mwanamume wa makamo ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichonga mawe ya kujengea. Alikuwa akikohoa, na ngazi za ghorofa moja zilimtoa jasho. Alipuliza lita 3.4. Mashine ilikuwa imewekwa "mweusi", nayo ikatarajia lita 3.96, kwa hivyo ikaandika asilimia 86. Nikamwambia mapafu yake ni mazima, nikampa dawa ya kikohozi, akaenda zake. Miezi kadhaa baadaye alirudi akiwa hoi zaidi. Daktari mwenzangu alipoitazama karatasi ile aliniuliza mashine ilikuwa imewekwa asili gani. Tulipoliondoa punguzo hilo, kilichotarajiwa kilikuwa lita 4.5, na lita zile zile 3.4 zikawa asilimia 76. Kwa desturi, chini ya 80 ndipo daktari huanza kutilia shaka, ingawa siku hizi wataalamu wana mipaka makini zaidi ya hiyo. Picha ya eksirei ilionyesha makovu ya vumbi la mawe katika mapafu yote mawili.

Pumzi ya mtu yule haikubadilika hata tone. Kilichobadilika ni hesabu.

Hesabu hiyo ina asili yake, nayo haipendezi. Spirometa ilibuniwa na daktari wa London, John Hutchinson, ambaye mwaka 1846 alichapisha vipimo vya watu zaidi ya 2,000 na kuonyesha kwamba kimo cha mtu ndicho kinachoathiri sana pumzi yake. Mashine ilipovuka bahari ikaangukia mikono mingine. Samuel Cartwright, daktari wa kusini mwa Marekani, ndiye aliyedai mwaka 1851 kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Huyo huyo alidai kuwa mapafu ya watu weusi ni dhaifu kwa asilimia 20, na kwamba kazi ya shambani chini ya bwana huwafaa kiafya. Mwaka 1869 Benjamin Gould alichapisha vipimo vya wanajeshi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na tofauti aliyoiona kati ya weusi na weupe ikachukuliwa kuwa maumbile. Si wengi waliojiuliza wale weusi, ambao baadhi yao walikuwa wametoka utumwani juzi tu, walikula nini walipokuwa watoto.

Usidhani hayo yaliisha na utumwa. Mwaka 1999, huko Baltimore, kampuni iliyoshtakiwa kwa madhara ya asbestosi iliitaka mahakama iwawekee wafanyakazi weusi kigezo kigumu zaidi kabla ya madai yao kusikizwa, kwa hoja hiyo hiyo ya mapafu madogo.

Je, tofauti ipo? Ukichukua wastani wa makundi, ndiyo, mara nyingi huonekana. Lakini mapafu hukua tangu tumboni mwa mama hadi ujana. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, aliyekosa lishe, aliyeugua nimonia mara kwa mara au aliyelelewa jikoni penye moshi wa kuni na mafuta ya taa, atafika utu uzima na mapafu madogo kuliko aliyostahili. Umbo la mwili nalo lina sehemu yake. Ukiyafunga hayo yote katika neno "mweusi" na kuyatoa kama punguzo, madhara ya umaskini yanakuwa kitu cha kawaida, na mgonjwa anaambiwa yu mzima. Na hii ni nchi ambayo Wamarekani weusi hufa kwa pumu karibu mara tatu kuliko weupe.

Mwaka 2023 American Thoracic Society, chama cha wataalamu wa mapafu, kilipendekeza hesabu moja kwa watu wote bila kuuliza rangi. Nadhani ni hatua njema, ila si dawa ya kila kitu. Mtu mwembamba mwenye miguu mirefu na afya tele anaweza sasa kuonekana mgonjwa, akanyimwa kazi au upasuaji anaouhitaji. Ndiyo maana daktari hapaswi kuamua kwa karatasi peke yake.

Hapa kwetu mashine nyingi bado hutumia hesabu za zamani, na ile ya "mweusi" iliyotolewa mwaka 2012 ilitokana na Wamarekani weusi, si watu wa Machakos wala Kisumu. Kwa hiyo ukienda kupimwa, uliza mashine imewekwa asili gani. Vua viatu upimwe kimo, usikadiriwe. Taja kazi zote ulizowahi kufanya na moshi unaopikia. Tunza karatasi zako, na ukilinganisha za miaka tofauti tazama lita, kwani asilimia yaweza kupanda kwa sababu tu zahanati imebadilisha hesabu. Ikiwa unafuatilia fidia ya ugonjwa wa kazini, jambo hilo lina uzito wa fedha.

Kile kifaa kidogo cha kubana kidole, ambacho wengi walinunua wakati wa Korona, nacho kina kasoro ya jamii hiyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulichunguza vipimo vilivyosoma oksijeni asilimia 92 hadi 96. Damu yenyewe ilipopimwa, kiwango halisi kilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 ya weupe. Mwangaza wake hudanganywa na ngozi nyeusi. Kikisoma 94 nawe unahema, amini kuhema kwako, uende hospitali.

Yule mchonga mawe aliacha machimbo, sasa ni bawabu. Makovu yale hayaondoki, na humweka katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu, hivyo kila akija namchunguza makohozi. Hupuliza kila baada ya miezi sita. Mara ya mwisho alitoa lita 3.3.