Masafa ya Nairobi na New York, na Saa ya Msafiri



Katika darsa yetu ya hapa Njiru, kijana mmoja anayejitayarisha kwenda kusoma New York alisema maneno haya: "Ndege huondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, ikafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ni mwendo wa saa saba tu. Isha nitaisali kabla ya kuondoka, na saa yangu ya mkononi ikifika kumi na moja na nusu, nitasali Alfajiri." Tulikuwapo wengi, wala hapana aliyemkosoa papo hapo. Ndipo tulipoona yafaa kuliandika jambo hili.

Masafa baina ya miji hiyo miwili ni kiasi cha kilomita 11,800, yaani zaidi ya robo ya mzingo wa dunia. Ndege kubwa hukata kama kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya utapata saa 13 na dakika chache. Ongeza kupaa, kutua na upepo, zitafika 14 au 15. Safari hii ya moja kwa moja ilianzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018; kabla ya hapo abiria alilazimika kubadili ndege njiani.

Basi zile saa nyingine za kijana wetu zimekwenda wapi? Hazikupotea. Jua hukata digrii 15 kwa saa, na baina ya Nairobi na New York mna digrii 110 na ushei. Kwa hiyo saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 8, na kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao, wanaposogeza saa mbele. Aendaye Jidda hana taabu hii: ni kilomita 2,570 hivi, karibu kaskazini moja kwa moja, na saa ya huko ni sawasawa na yetu.

Tena, njia yenyewe sivyo ionekanavyo katika ramani ya ukutani. Chukua mpira uliochorwa dunia, uvute uzi kutoka Nairobi hadi New York: utapita Sahara, na nusu ya njia itaangukia Morocco. Kwa uzi huohuo utafahamu kwa nini Waislamu wengi wa New York huelekea kaskazini-mashariki katika sala, hali Makka iko kusini zaidi kuliko mji wao.

Sasa turudi kwa Alfajiri ya kijana. Saa yake ikisema kumi na moja na nusu, yeye yu juu ya Sahara na usiku ungali mwingi. Anakimbia pamoja na usiku, nao unarefuka mbele yake. Akisali hapo amesali kabla ya wakati, na sala hiyo haisihi.

Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Huondoka New York mchana, akalipa jua kisogo, na Magharibi humjia upesi. Ikiwa amefunga (ingawa msafiri ana ruhusa ya kula), asitazame saa ya Nairobi wala ya New York. Atazame dirishani. Walio chini yake huenda wamekwisha kufuturu, lakini maadamu yeye analiona jua, bado mchana.