Baridi Hushuka, Maji Hushuka: Hali Mbaya ya Hewa kutoka Njombe hadi Rufiji

Mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, shuka bondeni kinyunguni, Njombe, ukiwa na tochi. Nyumbani ulikotoka, kule juu, ilikuwa baridi ya kipupwe tuliyoizoea: sweta, kofia, basi. Lakini kila unavyoteremka unaihisi kwenye vifundo vya miguu kama mtu anayeingia mtoni. Ukifika chini nyasi zinakwaruza viatu, na ukimulika jani la kiazi unaliona limepakwa kitu cheupe mfano wa chumvi: jalidi. Liguse, limekakamaa. Jua likitoka litalegea na kugeuka rangi ya mchicha uliochemshwa, na siku mbili baadaye shamba zima litakuwa jeusi kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Shamba la jirani, hatua mia mbili juu yake, halijaguswa hata jani moja.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya hizo hatua mia mbili. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huzungumzia mkoa, na hauwezi kujua mengine. Nani yuko bondeni, paa la nani limeshikwa kwa misumari ya kubahatisha, kijia kipi cha shule kinakatisha korongo: hayo anayajua mwenyeji. Tumefuata njia moja tu, kutoka nyanda za Makete na Njombe, tukashuka na maji ya mto Ruhuji hadi Kilombero, kisha Rufiji na baharini, kwa sababu njia hiyo ina jalidi, ukungu, upepo na mafuriko. Aliyeko Lushoto, Mbulu au Limuru atajikuta humuhumu.

Usiku wa nyota

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya jalidi ni kukosekana kwake. Mchana ardhi hupokea joto la jua na usiku huliachia liende zake angani. Mawingu hulizuia kama blanketi. Yasipokuwepo, joto lote linapotea. Upepo nao, kama ungekuwepo, ungechanganya hewa ya juu yenye uvuguvugu na ile ya chini iliyopoa. Kwa hiyo usiku wa kuogopa ndio ule unaopendeza kuliko yote: nyota zimejaa, hakuna hata jani linalotikisika.

Hewa ikishapoa huwa nzito, na kilicho kizito hushuka. Hutiririka polepole kwenye mteremko kama uji, hujaa bondeni, na ikikuta tuta la barabara au ua mnene wa miti umeziba njia, hutuama nyuma yake kama maji ya lambo. Ndiyo maana kinyungu, tunachokilima kiangazi kwa sababu kina unyevu, ndicho kinachopigwa kwanza. Huko Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hata mteremko hauna uhakika.

Liko pia suala la kipimo. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe, karibu na kimo cha kifua cha mtu mzima. Jani la kiazi liko gotini. Usiku mtulivu kisanduku kinaweza kusoma nyuzi 3 huku jani limeshafika sifuri. Ukisikia mkoa wako umetajiwa nyuzi 4 au chini ya hapo, na nje nyota zinawaka, usilale ukidhani umesalimika eti kwa sababu sifuri haikutajwa.

Kitalu na miche michanga vinaokoleka. Tengeneza kichanja, kifunike kwa nyasi kabla jua halijazama, wakati udongo bado una joto la mchana, na ukifunue jua likishapanda. Nailoni inayogusa jani haisaidii. Jani linalogusana nayo huungua vilevile. Mwagilia mchana wake, maana udongo wenye maji hutunza joto kuliko uliokauka. Matandazo makavu, ambayo mabwana shamba tunayasifia mwaka mzima, katika wiki hizi yasogeze kando ya mmea, kwa kuwa yanazuia joto la udongo lisipande. Kuchoma matairi kando ya shamba tusidanganyane: moshi haupashi joto, unaumiza mapafu ya mwenye shamba na kumwachia jalidi yake palepale.

Ama ekari nzima ya viazi iliyokwisha kupandwa bondeni, usiku huohuo haina dawa. Uamuzi ulishafanyika siku ya kupanda. Parachichi lipandwe kwenye mteremko, na ua wa chini ya shamba uachiwe pengo hewa baridi ipate pa kutokea. Mti ulioungua usiukimbilie na panga. Ngoja uone chipukizi zinaanzia wapi, ndipo ukate.

Jiko chumbani

Hapa tunaomba msomaji apunguze mwendo. Jalidi huua viazi. Watu, katika msimu huohuo, huuawa na jiko la mkaa.

Mkaa ukiwaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Watu wengi hungoja jiko liishe moshi, mkaa uwe mwekundu, ndipo waliingize ndani wakiamini ubaya wake umetoka. Kilichotoka ni moshi tu. Wapo pia wanaoufukia mkaa kwa majivu ili "ulale" hadi asubuhi, na hao wanajitafutia hatari kubwa zaidi, kwa sababu mkaa unaoungua kwa hewa haba ndio unaotoa sumu hiyo kwa wingi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Aliyelala hazisikii.

Ota moto mlango ukiwa wazi, na kabla ya kulala jiko litoke nje ya nyumba. Koridoni si nje. Kitandani ingia na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na watoto walale pamoja. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango, mtoe penye hewa, umpeleke hospitali hata kama anasema ameshapata nafuu.

Ukungu

Kwa wataalamu, ukungu ni pale macho yanaposhindwa kuvuka mita 1,000. Dereva wa lori aliyepakia shaba ya Kongo kwenye barabara kuu ya Tunduma angeshukuru sana kuona hata mita 200.

Uko ukungu wa bondeni, ndugu wa jalidi, unaozaliwa usiku uleule mtulivu na kuondolewa na jua la saa tatu. Huo unasubiriwa: kunywa chai. Na uko ukungu wa mlimani, ambao ni wingu lenyewe limekalia safu, na wenyewe unaweza kushinda hapo kutwa nzima. Huo hausubiriki, unaendewa polepole.

Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kabla mguu haujatoka kwenye mafuta ukafika breki, limeshapita urefu wa lori zima. Sote tunaijua desturi ya kuweka matawi ya miti nyuma ya gari bovu. Mchana mweupe yanatosha. Kwenye ukungu, tawi lililowekwa hatua kumi nyuma ya tela linaonekana pamoja na tela lenyewe, na hapo limemsaidia nani? Pembetatu ya kuakisi mwanga iwekwe hatua mia moja na zaidi nyuma, na gari litoke kabisa kwenye lami. Abiria wasikae ndani wala nyuma yake.

Tumia dimu. Taa kali hugonga matone ya ukungu na kurudi machoni mwako. Mwendesha bodaboda bila koti la kuakisi, saa kumi na mbili asubuhi kwenye ukungu, haonekani kabisa; sweta la kijivu ni rangi ya ukungu wenyewe.

Tangazo linasemaje

TMA hutoa ngazi tatu za onyo: Angalizo kwa rangi ya njano, Tahadhari kwa rangi ya chungwa, na Tahadhari Kubwa kwa nyekundu. Wasikilizaji wengi hukamata rangi, wakaacha mistari miwili ya chini yake, na humo ndimo mlimo na habari. Mmoja hueleza uwezekano wa kutokea, mwingine kiwango cha athari. Ukisomewa "uwezekano: mdogo, athari: kubwa", maana yake pengine janga halitakuja, lakini likija litabomoa. Mwenye mtumbwi akisikia "mdogo" akatia tanga, amesoma nusu.

Tangazo la mvua kubwa huhusu mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 kwenye paa la mita kumi kwa sita ni lita 3,000 za maji. Hiyo ni nyumba moja. Hesabu nyumba zilizo juu yako mtaani, kisha ujiulize mtaro mliouchimba unapokea za wangapi.

Upepo

Makambako wanaujua; mji huo umepangiwa hata mradi wa umeme wa upepo. Baharini, tangazo la kawaida hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, na kwa ngalawa hiyo ni sababu ya kutosha ya kubaki bandarini. Kinachosahaulika ni kwamba nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo wake: mwendo ukizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne.

Paa haling'olewi kwa kusukumwa kutoka juu. Upepo huingia chini ya baraza na kulinyanyua. Kwa hiyo kazi ni kulifunga kwa chini: kenchi zishikwe kwenye lenta kwa nondo au waya uliokunjwa, na papi za pembezoni zipate misumari zaidi ya zile za katikati. Mawe juu ya bati yanafaa upepo mdogo. Ukija mkubwa, yanakuwa mabomu.

Kimbunga huku kwetu ni adimu, si mgeni kabisa. Kimoja kilipiga Zanzibar tarehe 15 Aprili 1872, kikazamisha majahazi na kuangusha mikarafuu. Kingine kikapiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikafika Mafia tarehe 4, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Wapo waliolalamikia safari zilizoahirishwa. Tuliona malalamiko hayo kuwa ni bei ndogo.

Maji yasiyo na mvua

Mvua ya Njombe haiishii Njombe. Ruhuji huipokea na kuishusha Kilombero. Kilombero ikikutana na Luwegu inakuwa Rufiji, na Ruaha Mkuu unaingilia njiani. Ndiyo maana mtu wa Ikwiriri anaweza kuamka asubuhi ya jua kali akakuta mto umepanda mpaka kwenye mpunga. Ukiishi chini ya mto, sikiliza utabiri wa wenzako wa juu. Bwawa la Julius Nyerere hupunguza kishindo cha maji hayo, haliyafuti: Machi na Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifurika. Mwezi huo wa Aprili, Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima.

Warufiji hawakuanza kuyajua maji jana. Mafuriko ndiyo yaliyowaletea matope ya rutuba, na maji yakipungua hupanda mlau, kilimo cha kufuata unyevu unaobaki. Shambani hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwahamishia wengi kwenye miinuko, na wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, kwa sababu chakula kiko huko. Ushauri wa "hameni mabondeni" bila kueleza mtu atalima wapi hausikilizwi, na sisi waandishi wa vijitabu tumeutoa mara nyingi mno. Linalowezekana ni hili: lima bondeni, lala juu. Mbegu za msimu ujao, vyeti vya watoto na kadi za kliniki visilale bondeni hata usiku mmoja kuanzia Machi hadi Mei.

Juu nako kuchaguliwe. Tarehe 3 Desemba 2023, Katesh, maafa hayakutoka mtoni. Tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang vikafukia makazi yaliyo chini yake. Nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyogeuka ghafla kuwa na tope: ukiona hayo mvua ikiwa bado inanyesha, ondoka kwanza, ulizia baadaye.

Maji ya kifundo cha mguu, yakiwa na kasi, humwangusha mtu mzima. Yanayokaribia goti huelesha gari dogo; ya sentimita 60 huchukua magari mengi, hata pikapu. Rangi ya maji haikuambii kama daraja bado liko chini yake. Mtoto asitumwe dukani kuvuka korongo, na mwalimu anayewaruhusu wanafunzi mapema kwa sababu mvua inakuja aulize kwanza wanapita wapi, isije ikawa amewapeleka mtoni saa ileile maji yanapofika.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wako wajumbe ni akina nani, na nani mwenye ufunguo wa shule itakapobidi watu walale madarasani. Uokoaji ni 114, Polisi 112.

Maji yakishuka, usiwashe umeme kabla fundi hajakagua. Ingia ndani na fimbo ndefu, kwa kuwa nyoka nao walikimbilia pakavu. Rufiji, madimbwi yaliyobaki huweza kuwa na mamba. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kimechanganyika na vyoo vya kijiji kizima: kichotwe mpaka maji yawe meupe, kitiwe klorini kwa maelekezo ya bwana afya, na hadi atakaporuhusu, maji ya kunywa yachemshwe, yatokote kabisa, hata ya kusukutulia kinywa.