Tangazo la Vidakuzi Lisiloondoka: Maswali na Majibu

Kidakuzi ni faili dogo ambalo tovuti huliweka ndani ya simu au kompyuta ili imtambue mtu aliyewahi kuitembelea. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, kwa kuwa tovuti za wakati huo zilimwona kila anayefungua ukurasa kuwa mgeni, hata kama ametoka hapo dakika iliyopita. Siku hizi tovuti nyingi huomba ruhusa kabla ya kukiweka, kisipokuwa cha lazima, na ombi hilo ndilo tangazo linalozuka na kufunika nusu ya ukurasa.

Mbona tangazo hili humfikia hata mtu aliye Bongwe, pwani ya Kenya?

Asili yake ni Ulaya. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulirekebisha agizo lake la 2002 na kutaka ridhaa ya mtumiaji itangulie, kisha kanuni yake ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 ikabana zaidi maana ya ridhaa. Tovuti nyingi humwonyesha kila mtu tangazo lile lile popote alipo. Anayepangishia wageni nyumba Diani, jirani na Bongwe, hukutana nalo kila mara, kwani kazi yake iko kwenye tovuti zinazowahudumia Wazungu. Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Njia rahisi ya kuliondoa ni ipi?

Ni kulijibu. Wengi huhangaika kusoma maneno machache yaliyobaki juu ya tangazo, au hufunga ukurasa na kuufungua upya, na tangazo huwa palepale kwa sababu bado linangoja jibu. Kitufe kipo, ila kimefichika. “Kubali” hupakwa rangi inayowaka. “Kataa” huandikwa kwa herufi nyembamba, au huwekwa nyuma ya neno “Mipangilio”. Alama ya X huwa ya kijivu pembeni. Huo ni mpango wa makusudi, na si haki kumlaumu msomaji aliyeshindwa kuiona.

Kwenye simu kuna jambo jingine linalopitwa sana: tangazo refu lina mtelezo wake. Kidole kikiwekwa juu ya ukurasa, tangazo halisogei. Kikiwekwa juu ya tangazo lenyewe na kusukuma kwenda juu, vitufe vya chini hujitokeza. Visipoonekana bado, huenda maandishi ya simu yamekuzwa mno, au kivinjari kimewekwa mwonekano wa kompyuta, na X imeangukia nje ya kioo. Kwenye kompyuta ya saiba, kubonyeza Ctrl pamoja na alama ya kutoa hupunguza ukurasa hadi vitufe vionekane.

Je, anayekataa hunyimwa ukurasa?

Kwa kawaida hanyimwi. Vidakuzi vya lazima, kama vile vya kuingia kwenye akaunti, hubaki. Vinavyoachwa ni vya matangazo ya biashara na ufuatiliaji. Kukataa kunapaswa kuwa kwepesi kama kukubali. Mwishoni mwa 2021 mamlaka ya data ya Ufaransa iliitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60, kwa kuwa kukubali kulihitaji mguso mmoja na kukataa kulihitaji kadhaa.

Limejibiwa jana, mbona leo limerudi?

Kwa sababu jibu lenyewe huhifadhiwa kwenye kidakuzi. Anayefungua tovuti katika hali fiche, anayefuta historia kila jioni, au anayetumia saiba ambako kompyuta husafishwa kila mteja anapoondoka, huwa amelifuta jibu lake pia. Tovuti haina budi kuuliza upya.

Na lile linalosema simu ina virusi?

Hilo si la vidakuzi, na halistahili kubonyezwa popote. Mara nyingi hutoka kwenye tovuti iliyoruhusiwa kutuma arifa bila mtu kujua. Ruhusa hiyo huzimwa kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa.

Aliyekwisha kukubali kwa haraka afanyeje?

Atafute chini kabisa ya ukurasa kiungo cha vidakuzi au faragha, abadilishe jibu; kisipokuwepo, afute vidakuzi vya tovuti hiyo katika mipangilio ya kivinjari. Kifungu cha 32 cha sheria ya Kenya kinampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote.